Mama amekunywa maziwa maisha yake yote na mifupa bado imedhoofika: tuanze dawa au tujaribu lishe kwanza?

#1 Binti Mkubwa

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mama yangu ana miaka 68. Aliteleza bafuni, akajizuia kwa mkono, na mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Hakuanguka kutoka ngazini wala kwenye kiti. Alikuwa amesimama tu kwa miguu yake. Mkono ulipokwisha kufungwa plasta, daktari aliagiza apimwe wingi wa madini katika mifupa kwa mashine ya DEXA, na majibu yamekuja na alama ya T ya −2.9 kwenye uti wa mgongo na −2.3 kwenye nyonga. Ameandikiwa alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kila wiki, pamoja na kalsiamu na vitamini D.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mama amesikia kwamba dawa hizo huozesha mfupa wa taya, na mama mdogo anasisitiza tumpe mwaka mmoja wa lishe bora, tupime tena, ndipo tuzungumze habari za vidonge. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba Mama hajawahi kuvuta sigara, hanywi pombe, na tangu nikiwa mdogo sikumbuki siku ambayo aliacha kikombe chake cha maziwa. Nina maswali mawili: je, mwaka mmoja wa lishe unaweza kuirudisha mifupa iliyofika hapo, na ni kitu gani kimeidhoofisha mifupa ya mtu aliyeishi hivi?

#2 Mama Pacha

Pole kwa Mama, Mungu amponye. Mimi naegemea upande wa mama mdogo. Nilipopimwa nilikutwa na −1.8 nyongani, na daktari wangu hakuniandikia dawa yoyote. Aliniambia nile vizuri, nitembee, nipate jua, kisha nirudi kupimwa baada ya miaka miwili. Niliporudi alama ilikuwa palepale. Kama lishe na matembezi vimenizuia mimi nisiporomoke, sioni kwa nini mama huyu akimbizwe kwenye dawa kabla hajapewa nafasi kama niliyopewa.

#3 Muuguzi wa Zamu

Mama Pacha, nafurahi kwamba hukushuka, lakini hali yako na ya mama huyu hazifanani. Alama ya T hulinganisha mifupa ya mtu na ile ya kijana mwenye afya. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1994, kati ya −1 na −2.5 ni upungufu wa awali, na kuanzia −2.5 kwenda chini ndipo tunaposema ugonjwa wa mifupa dhaifu (osteoporosisi) umeingia. Kila nukta nzima inayoshuka huizidisha hatari ya kuvunjika kwa takriban mara moja na nusu hadi mara mbili na zaidi. Wewe ulikuwa upande mmoja wa mstari, yeye yuko upande wa pili.

Na hata tukiiweka mashine pembeni, mkono umeshavunjika. Mfupa wa mtu mzima unaovunjika kwa kuanguka akiwa amesimama umeshatoa ushahidi wake wenyewe, na wataalamu wengi wangempa tiba hata kama DEXA ingesoma −2.0. Tatizo la mwaka wa majaribio ni kwamba unaangukia ndani ya ile miaka miwili ya mwanzo baada ya kuvunjika, ambayo ndiyo yenye hatari kubwa ya kuvunjika tena. Katika waliopata mvunjiko mpya wa pingili ya uti wa mgongo, karibu mmoja kati ya watano huvunjika pingili nyingine ndani ya mwaka huohuo. Kifundo cha mkono si pingili, lakini nacho ni onyo ambalo halistahili kusubirishwa.

#4 Mdadisi

Mbona hakuna anayeyagusa maziwa yenyewe? Mwaka 2014 Wasweden walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanawake waliokunywa maziwa mengi zaidi walivunjika zaidi, si pungufu. Maelezo niliyoyasoma ni kwamba protini ya wanyama huleta asidi mwilini, na mwili huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa ili kuizima asidi hiyo. Kwa hiyo jibu la swali la pili la mleta mada linaweza kuwa ndani ya kikombe chenyewe.

#5 Msomi wa Lishe

Mdadisi, ukiachiwa jukwaa wewe utatupiga marufuku hata maji ya kunywa. Utafiti wa Sweden upo, lakini ulikuwa wa kufuatilia watu na tabia zao. Haukuwagawa watu kwa kura, huyu apewe maziwa na yule asipewe. Mtu anayejijua ana mifupa dhaifu anaweza kuwa ndiye anayeongeza maziwa, na hapo huwezi kujua kipi kimetangulia kipi. Waandishi wake wenyewe walitahadharisha kwamba matokeo yao yasitumiwe kutoa ushauri wa chakula.

Habari ya asidi nayo imepimwa na haikusimama. Kiwango cha asidi katika damu husimamiwa na mapafu na figo. Ni kweli kwamba protini ikiongezeka kalsiamu huongezeka kwenye mkojo, lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na utumbo kufyonza kalsiamu zaidi kutoka kwenye chakula. Kwa wazee, kinachoonekana mara nyingi ni upungufu wa protini, na anayeikosa hupoteza misuli, akapepesuka, akaanguka. Wengi hushauri gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, mradi figo ziwe nzima.

Ukitaka utafiti wa kura, upo wa Australia wa mwaka 2021 katika nyumba 60 za kulelea wazee. Nusu ya nyumba ziliongeza maziwa, mtindi na jibini mpaka kalsiamu ikapanda kutoka takriban miligramu 700 kwa siku hadi zaidi ya 1,100, na protini ikafika gramu 1.1 kwa kilo. Mivunjiko ilipungua kwa asilimia 33, na ya nyonga kwa asilimia 46. Chakula kina nguvu, na mimi ndiyo kazi yangu kuyasema haya. Lakini angalieni vizuri: waliofaidika walikuwa wazee waliokuwa wakila kidogo kuliko inavyotakiwa. Mama wa mleta mada tayari anakunywa maziwa, kwa hiyo pengo la kuziba kwa chakula huenda si kubwa kiasi hicho.

#6 Mzee Kifimbo

Nawasalimu, vijana wangu. Naona mnazungumza kana kwamba ugonjwa huu ni wa kina mama peke yao. Mimi ni mwanamume, na pingili mbili za mgongo wangu zilisagika bila kuanguka popote. Nilikuwa nainua ndoo. Daktari hakuuliza nilikula nini. Aliuliza nilimeza nini. Nilikuwa nimetumia prednisoloni kwa muda mrefu kwa ajili ya mapafu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dawa hiyo huila mifupa.

Binti Mkubwa, kabla watu hawajaendelea kubishana, tuambie mama yako ametumia dawa gani hapo nyuma, na hedhi yake ilikoma akiwa na umri gani.

#7 Binti Mkubwa

Shikamoo mzee Kifimbo, na pole sana. Nimekaa na Mama tukapekua makaratasi yake. Ana pumu, na kwa miaka mingi alikuwa akipewa prednisoloni kila inapombana, wakati mwingine kwa majuma kadhaa mfululizo. Anameza omeprazoli kwa ajili ya kiungulia, kwa muda mrefu kiasi kwamba hakumbuki alianza lini. Hedhi yake ilikoma akiwa na miaka 42. Na kuna jambo ambalo sikulijua: dada yake mkubwa alivunjika nyonga.

#8 Muuguzi wa Zamu

Basi jibu la swali lako la pili ni hilo la miaka 42. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote: kuna seli zinazoula na seli zinazoujenga. Homoni ya estrojeni ndiyo huzizuia zile zinazokula. Ikiondoka, ubomoaji huupita ujenzi, na katika miaka mitano hadi saba ya kwanza mwanamke anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya mfupa wake. Wengi hufikia hapo wakiwa na miaka kama 50. Mama huyu alitangulia kwa miaka minane, na nadhani hakuna aliyempa homoni za kufidia hadi ule umri wa kawaida, ingawa ndivyo inavyoshauriwa kwa wanaokoma mapema kama hana sababu ya kumzuia. Maziwa yasingeweza kulifunika pengo hilo.

#9 Mzee Kifimbo

Muuguzi, sikatai habari za homoni, lakini usiipite prednisoloni haraka hivyo. Hasara yake hutokea zaidi katika miezi ya mwanzo ya matumizi, huipiga zaidi mifupa yenye sponji ndani kama pingili, na mtu huvunjika hata pale ambapo DEXA haisomi vibaya sana. Tazama namba za mama: mgongo −2.9, nyonga −2.3. Mgongo ndio ulioumia zaidi. Mimi naiona alama ya prednisoloni hapo.

#10 Mfamasia Mstaafu

Tofauti ya mgongo na nyonga pekee haitoshi kumtia hatiani yeyote, mzee wangu, kwa sababu kukoma hedhi mapema nako huanza kwa kuula mfupa wa sponji. Nyote wawili mnaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja.

Omeprazoli nayo isisahauliwe. Tafiti za kufuatilia watu zimeihusisha na ongezeko dogo la mivunjiko kwa wanaoitumia muda mrefu. Haijathibitika kwamba ndiyo inayosababisha, lakini kuna jambo moja la uhakika ambalo familia hii inaweza kulifanyia kazi leo: kalsiamu ya kaboneti huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke vizuri, na omeprazoli huizima asidi hiyo. Chunguzeni chupa aliyopewa. Kama imeandikwa kaboneti, aimeze pamoja na mlo, au daktari ambadilishie apewe ya sitreti, ambayo haihitaji asidi wala chakula. Pia aulizwe kama kiungulia bado kipo, maana wako watu wanaoendelea na omeprazoli kwa mazoea tu.

#11 Msomi wa Lishe

Naongeza la nne: vitamini D. Bila hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu inavyopaswa, na mtu anaweza kunywa maziwa kila siku huku sehemu kubwa ikimpita tu. Mtu mwenye pumu na kiungulia anayekaa ndani muda mwingi, ngozi ya miaka 68, sitashangaa kiwango chake kikiwa chini. Binti Mkubwa, je, amepimwa damu? Nazungumzia kalsiamu, vitamini D, figo, ini, tezi ya thairoidi, na homoni ya parathairoidi kalsiamu ikionekana juu. Wengine hupimwa pia ugonjwa wa utumbo usiovumilia gluteni na saratani ya uboho, kwa sababu yote hayo hujificha nyuma ya mifupa dhaifu.

#12 Mdadisi

Sasa tuna homoni, prednisoloni, omeprazoli, vitamini D, na nasaba ya shangazi aliyevunjika nyonga. Kila mtu ana mshitakiwa wake. Swali langu ni hili: kama sababu ni upungufu wa vitamini D, kwa nini asipewe vitamini D ya kutosha, tena dozi kubwa mara moja, tukaachana na hizo alendroneti?

#13 Muuguzi wa Zamu

Ni mama mkubwa wa Binti Mkubwa, si shangazi. Tusiwachanganyie ukoo.

Kuhusu dozi kubwa, tafadhali mtu asijaribu. Waaustralia waliwapa wanawake wenye miaka 70 na zaidi yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka, matokeo yakachapishwa mwaka 2010: walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Na Marekani, utafiti wa watu zaidi ya 25,000 uliochapishwa mwaka 2022 uliwapa yuniti 2,000 kila siku watu wasiochaguliwa kwa upungufu, mivunjiko haikupungua. Mwenye upungufu ajaziwe, kwa utaratibu. Asiye na upungufu hafaidiki kwa kuzidishiwa.

#14 Mama Pacha

Bado sijajibiwa. Nakubali kwamba mimi sikuwa nimevunjika na mama huyu amevunjika. Lakini ni nani aliyewahi kulinganisha lishe na dawa? Nyinyi mnasema dawa hupunguza mivunjiko, mimi nauliza: ikilinganishwa na nini? Na watu wasiokula vizuri?

#15 Mfamasia Mstaafu

Hili ndilo swali bora kuliko yote katika uzi huu, na jibu lake lipo. Katika utafiti wa alendroneti wa mwaka 1996, wanawake waliokwisha kuvunjika pingili waligawanywa kwa kura. Wengi wao, katika makundi yote mawili, walikuwa wakipewa kalsiamu na vitamini D kwa sababu chakula chao kilikuwa na kalsiamu ndogo. Kundi moja likaongezewa alendroneti, kundi la pili kidonge bandia. Baada ya takriban miaka mitatu, asilimia 15 ya kundi lisilopewa dawa walipata mvunjiko mpya wa pingili, na asilimia 8 kwa waliopewa. Nyonga zilizovunjika zilikuwa asilimia 2.2 dhidi ya 1.1.

Utafiti wa asidi ya zoledroniki wa mwaka 2007, ile dripu ya mara moja kwa mwaka, ulimpa kila mshiriki kalsiamu na vitamini D. Mivunjiko mipya ya pingili ilikuwa asilimia 10.9 kwa wasiopewa dawa na 3.3 kwa waliopewa, katika miaka mitatu. Kwa hiyo, Mama Pacha, kundi la kulinganishia lilikuwa ndilo hilo la mama mdogo: kalsiamu na vitamini D bila dawa. Kalsiamu ni matofali na bisfosfoneti, yaani kundi la dawa lenye alendroneti na asidi ya zoledroniki, humzuia anayebomoa ukuta. Kurundika matofali hakumzuii mbomoaji.

#16 Mama Pacha

Nimekuelewa, nashukuru. Ila vidonge vya kalsiamu si mlo. Utafiti wa Australia alioutaja Msomi ulitumia chakula halisi na ukapunguza nyonga zilizovunjika kwa asilimia 46, ambayo haiko mbali na hizo za dawa. Sijaona bado aliyelinganisha sahani na kidonge uso kwa uso.

#17 Msomi wa Lishe

Una haki ya kusema hivyo. Hata hivyo Mama ana nafasi ya kupata vyote viwili, na hakuna daktari atakayemnyima sahani kwa sababu amemwandikia kidonge.

Tuhesabu basi. Mwanamke aliyepita miaka 50 anashauriwa kupata miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku kwa mwongozo wa Marekani. Uingereza husema 700 zinatosha kwa mtu mzima, ingawa mwenye ugonjwa huu hushauriwa zaidi ya hapo. Kikombe kimoja cha maziwa kina karibu 300. Kwa hiyo kikombe anachosifiwa Mama ni robo tu ya lengo la kwanza, na sijasikia habari ya mtindi, jibini, maharage, wala samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Spinachi isimdanganye: ina kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini oksaleti huishikilia na mwili huambulia karibu asilimia 5, wakati ya maziwa hufyonzwa kwa karibu asilimia 30.

Andikeni anachokula kwa siku tatu za kawaida, jumlisheni, na kidonge kizibe pengo tu. Asizidishe miligramu 500 kwa mara moja, kwa sababu zaidi ya hapo ufyonzaji hupungua, na jumla ya chakula na vidonge isipite 2,000. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake zaidi ya 36,000, uliochapishwa mwaka 2006, waliopewa miligramu 1,000 za vidonge pamoja na vitamini D walipata mawe ya figo zaidi kwa asilimia 17. Mjadala wa vidonge hivyo na moyo nao uliwashwa mwaka 2010 na haujazimika, ndiyo maana mimi hutanguliza chakula.

#18 Binti Mkubwa

Nawashukuru, nimeanza kuandika anachokula. Sasa naomba tuzungumzie taya, kwa sababu hilo ndilo linalomfanya Mama akisukume kidonge pembeni.

#19 Mfamasia Mstaafu

Hofu yake haikutoka hewani. Mfupa wa taya kubaki wazi na kufa ni jambo la kweli, lakini wengi waliopatwa ni wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa zaidi na za karibu karibu. Kwa dozi za mifupa dhaifu, makadirio yaliyo mengi ni kati ya mtu mmoja katika 10,000 na mmoja katika 100,000 kwa mwaka. Aende kwa daktari wa meno kwanza, meno mabovu yang'olewe, kidonda kipone, ndipo aanze. Hatari nyingine ni mvunjiko usio wa kawaida wa fupa la paja, ambao huongezeka kadiri miaka ya matumizi inavyokuwa mingi. Dalili yake ni maumivu ya paja au kinena yanayotangulia kwa majuma au miezi, na yakitokea aseme mapema.

Kinachowashinda wengi ni umio. Kidonge humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, si chai, si maziwa, si juisi, kisha mtu hukaa wima au kusimama kwa nusu saa bila kula wala kulala. Kikikwama kwenye umio hukiunguza. Na akinywa kile kikombe chake cha maziwa pamoja nacho, dawa yote hushikwa na kalsiamu na hakuna kitakachoingia mwilini. Kwa mwenye kiungulia cha miaka mingi, mimi ningemuuliza daktari kuhusu dripu badala ya kidonge.

#20 Mama Pacha

Wifi yangu alichagua sindano ya kila miezi sita kwa sababu haina habari za tumbo. Alama zake zilipanda vizuri, akajiona amepona, akaacha. Ndani ya mwaka pingili tatu zilivunjika. Ndiyo maana naziogopa hizi dawa.

#21 Muuguzi wa Zamu

Hiyo ni denosumabu, na kilichompata wifi yako kinajulikana. Bisfosfoneti hung'ang'ania ndani ya mfupa kwa miaka; denosumabu haijihifadhi. Sindano ikichelewa, seli zinazokula mfupa hurudi kwa kishindo na mfupa wote uliopatikana unaweza kupotea, pingili zikavunjika kadhaa kwa pamoja. Dawa yenyewe ni nzuri, lakini haiachwi hivi hivi. Anayeiacha hupewa bisfosfoneti ya kumpokea. Anayemwanzishia mgonjwa sindano hii anapaswa kumweleza siku hiyohiyo jinsi atakavyotoka. Inaonekana wifi yako hakuelezwa, na hilo linanisikitisha sana.

Kwa alendroneti ni tofauti. Baada ya miaka mitano ya vidonge, au mitatu ya dripu, asiye na hatari kubwa anaweza kupumzishwa. Walioendelea hadi miaka kumi walipata mivunjiko michache zaidi ya pingili yenye maumivu, asilimia 2.4 dhidi ya 5.3, lakini mivunjiko mingine haikutofautiana.

#22 Fundi wa Viungo

Mmeongea kurasa nzima na hakuna aliyetaja kwamba mkono huu ulivunjika kwa sababu mtu alianguka. Bafuni kuna kishikio? Kuna mkeka usioteleza? Macho yamepimwa? Anameza dawa ya kumletea kizunguzungu? Nyonga isiyoanguka ni nadra kuvunjika.

Kutembea ni kuzuri kwa moyo, lakini kwa mfupa ni kichocheo kidogo. Utafiti mmoja wa Australia uliochapishwa mwaka 2018 uliwachukua wanawake waliokoma hedhi wenye mifupa pungufu, wakanyanyua uzito mkubwa chini ya usimamizi, nusu saa mara mbili kwa wiki, kwa miezi minane. Mfupa wa mgongo uliongezeka kwa asilimia 2.9, na wale wa mazoezi mepesi nyumbani wakapungua kwa 1.2. Sisitizo langu ni kwenye usimamizi. Mama aanze na kusimama kutoka kitini bila kushika, kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza, na kuimarisha misuli ya mgongo. Asiiname mbele kwa kukunja mgongo akiwa ameshika kitu kizito. Mzee Kifimbo ametuambia kilichompata na ndoo.

#23 Mdadisi

Na kolajeni ya unga, na vitamini K2? Huko mitandaoni zinasifiwa kuliko hizo zenu zote.

#24 Msomi wa Lishe

K2 ya dozi kubwa hutumika Japani kama dawa ya mifupa, lakini ushahidi wake wa kuzuia mivunjiko haukaribii wa dawa zilizotajwa hapa, na anayemeza wafarini ya kuzuia damu kuganda asiiguse bila daktari wake. Kolajeni ina tafiti ndogo za alama za mfupa, hazijafika kwenye mivunjiko. Ukitaka kutumia pesa, nunua mayai.

#25 Mzee Kifimbo

Kuna kundi la dawa halijatajwa, nalo ndilo lililonisimamisha mimi: zile zinazojenga. Teriparatidi ni sindano ya kila siku, kwa kawaida haizidi miaka miwili, kisha unapokelewa na bisfosfoneti. Nyingine ni romosozumabu, ya kila mwezi kwa mwaka mmoja, ambayo hapewi mtu aliyepata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya mwaka uliopita. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba walioanza na romosozumabu kisha alendroneti walipata mivunjiko mipya ya pingili pungufu kwa asilimia 48 kuliko waliotumia alendroneti peke yake. Mpangilio una maana: kujenga kwanza, kisha kuhifadhi. Ukianza na bisfosfoneti, teriparatidi inayofuata hufanya kazi kwa kusuasua, hasa nyongani.

#26 Mfamasia Mstaafu

Ni kweli, mzee wangu, lakini hizo huwekwa kwa walio katika hatari kubwa sana, kama wewe uliyesagika pingili. Kwa mwenye mkono uliovunjika na −2.9, madaktari wengi wangeanza na bisfosfoneti, na sioni kosa la daktari wake.

#27 Mzee Kifimbo

Wamejuaje kwamba ni mkono peke yake? Pingili nyingi husagika kimyakimya, mtu akidhani ni uchovu wa mgongo. Binti Mkubwa, mama yako ana urefu gani sasa, na ujanani alikuwa na urefu gani?

#28 Binti Mkubwa

Nimempima sasa hivi. Visigino, makalio na mabega vimegusa ukuta, nikaweka kitabu kilichonyooka juu ya kichwa na kuchora mstari kwa penseli. Ni sentimita 157. Kwenye kadi yake ya kliniki aliyokuwa nayo wakati wa mimba yangu imeandikwa 162. Nilipomwambia, alisema anajua, kwa sababu siku hizi hafikii rafu ya juu ya kabati ambayo zamani aliifikia bila kigoda.

#29 Muuguzi wa Zamu

Sentimita tano ni nyingi. Kuanzia nne tunaagiza picha. Omba eksirei ya mgongo ya upande, ya kifua na ya kiuno, kabla hajameza dozi ya kwanza ya chochote. Ikionyesha pingili iliyosagika, hoja ya Mzee Kifimbo inakuwa na uzito na mpango wa dawa unaweza kubadilika. Ikiwa safi, hoja ya Mfamasia inabaki. Hapohapo ombeni damu alizozitaja Msomi, hasa vitamini D, kalsiamu na figo, maana dripu ya zoledroniki haitolewi kama figo zinasafisha chini ya mililita 35 kwa dakika, wala kabla upungufu wa vitamini D na kalsiamu haujarekebishwa. Dripu ya kwanza huweza kuleta homa na maumivu ya mwili kwa siku mbili tatu. Hilo ni la kawaida, asidhani ameumizwa.

#30 Mama Pacha

Hata mimi sasa naona mwaka wa kusubiri ni mrefu mno kwake. Lakini kuhusu chakula sijarudi nyuma.

#31 Binti Mkubwa

Ahsanteni sana. Mama amekubali kwenda kwa daktari wa meno na kupigwa eksirei, na mama mdogo amechukua jukumu la chakula. Kidonge kimewekwa kando hadi majibu yatoke. Nitayaleta hapahapa.

#32 Mzee Kifimbo

Ukiyaleta, andika na jina la kila pingili iliyotajwa kwenye ripoti pamoja na kiasi ilichoshuka, usiandike tu kwamba kuna mabadiliko ya umri. Ripoti yangu ya kwanza iliandikwa hivyo, na pingili zilikuwa zimeshasagika.